Wivu kwa Darasa Lililokaa Kimya

Takaungu,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Barke,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Shikamoo dada, na mama namwamkia kupitia kwako, umshike mkono kwa niaba yangu. Sisi huku tuko katika hali ya kushukuru. Mimi mzima, Rukia mzima, na shemeji yako mzima huko hotelini kwake Kikambala, ambako wanampa ruhusa siku moja tu kwa juma aje atuone. Nyinyi je? Magoti ya mama yanaendeleaje tangu mlipombadilishia dawa ya kupaka? Na kile kikohozi chako kilichokuwa kikikukatiza maneno tulipozungumza mwisho, kimekuacha? Nasikia Faza mvua imewahi. Hapa ni joto, na maji ya mfereji yanakuja yakitaka.

Najua utashangaa kupata karatasi ilhali simu ipo. Lakini kila nikikupigia unaiweka kwenye spika ili mama naye asikie, na haya ya leo si ya kusikiwa na nyumba nzima. Isome peke yako kwanza. Ukiimaliza, utajua mwenyewe la kumwambia mama na la kumficha. Nimempa binti wa jirani anayekuja huko harusini, na nimeifunga kwa gundi.

Nimefanya jambo la haya, dada, na nimelifanya kwa wivu. Nakuandikia wewe kwa sababu wivu huu wewe uliuonja zamani, tena kwa ajili yangu. Wakija wageni, baba alikuwa akiniita mimi nisome, hakuiti wewe, na wewe ulikuwa mkubwa. Mimi nasimama katikati ya baraza na gazeti, wageni wanasema mashaallah, na wewe huko jikoni unapakua wali hutaki kunitazama. Nilikuwa nikikuona. Nilidhani una roho mbaya. Sasa ndio nimejua ulikuwa ukisikia nini.

Hapa skulini huu ni mwaka wangu wa sita na Gredi ya Tano. Sifa yangu ni kusoma. Nasoma sentensi, darasa zima linaitikia, nasoma nyingine, linaitikia tena, mpaka hadithi iishe. Nje ya lango kuna mama anauza viazi karai, mamake mwanafunzi wangu mmoja anayeitwa Mishi, na kila siku ananiambia, "Mwalimu, leo nimewasikia mpaka mafuta yakaungua." Siku ya wazazi ni wanafunzi wangu wanaosimamishwa mbele. Mishi huyo akisoma, utadhani ni mtangazaji wa redio. Mwalimu Mkuu wetu, ambaye ni mtu wa zamani na anapenda skuli ivume, alikuwa akiwapitisha wageni dirishani kwangu makusudi.

Mwanzo wa mwaka huu akaletwa mwalimu wa mkondo wa pili wa Gredi ya Tano. Msichana, anaitwa Dama, mtu wa Ganze, ndio kwanza atoke chuoni. Nitakwambia kweli hata kama ni aibu: nilipomsikia anavyosema Kiswahili, na lafudhi ya kwao imejaa kinywani, nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu hatanifika. Na kwa kuwa Rukia naye ameingia Gredi ya Tano mwaka huu, na mwalimu hafundishi mwanawe, Rukia akapelekwa kwa Dama.

Basi kila siku baada ya mapumziko ya saa nne, upande wa pili wa ukuta kukawa kunanyamaza. Siku ya kwanza nilidhani amewatoa nje. Nikaenda kuchungulia. Watoto hamsini wameinamisha vichwa, kila mmoja na kitabu chake, midomo imefungwa. Na mwalimu mwenyewe amekaa kitini anasoma chake, wala hawaangalii. Nikarudi kwangu nikapandisha sauti zaidi.

Saa ya chai nikamwambia mbele ya wenzetu wote, "Mwalimu Dama, leo darasa lako lilisinzia?"

Wakacheka. Yeye akatabasamu akasema, "Hawakusinzia, dada Maimuna. Wanasoma kimoyomoyo."

"Na utajuaje kama wanasoma?"

"Wakimaliza tunafunga vitabu, nawauliza. Siwaulizi nani alikwenda wapi. Nawauliza kwa nini alikwenda, na wangekuwa wao wangefanyaje." Kisha akaeleza habari zake, kwa upole, kama anayehadithia ya mtu mwingine. Kwamba kwao walikuwa wakisoma kwa kuitikia, na yeye miaka mitatu mizima aliitikia na wenzake bila kujua kusoma hata neno. Alikuwa akiishika sauti ya aliye mbele yake, kama mtu anavyoshika wimbo. Hakuna aliyemgundua, mpaka siku moja mwalimu akampa kitabu peke yake.

Walimu wakamsikitikia. Mimi nikaona ananisema mimi.

Wivu, dada, hauingii kwa mlango mmoja. Wa kwanza ulikuwa mamake Mishi. Nilikwenda kununua viazi, akanifungia vizuri, akaniongezea ukwaju, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nakuomba unisaidie jambo. Niombee kwa Mwalimu Mkuu, Mishi ahamie kwa Mwalimu Dama."

Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna ubaya. Wewe wafundisha vizuri, nasikia kwa masikio yangu. Lakini Mishi akirudi, nikimuuliza leo mumesoma nini, huniimbia. Mtoto wa jirani yangu aliye kule, nikimuuliza, hunihadithia."

Nililipa nikaondoka. Viazi vile nilivitupa.

Mlango wa pili ulikuwa Rukia. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia, jioni mimi nakuna nazi na yeye amekaa kwenye mkeka ananisomea? Ilikuwa ndio saa yangu. Babake hayupo, nyumba ina sauti yake tu, na ile sauti mimi ndiye niliyeifundisha kupanda na kushuka. Jioni moja nikamwona amejikunja dirishani na kitabu alichopewa na Dama, amenyamaza, kisha akacheka peke yake. Nikamwambia, "Nini? Soma kwa sauti nami nicheke."

Akasema, "Ngoja mama, nimalize."

Nikamwambia asome. Akasoma sentensi mbili kwa ile sauti yangu nzuri, akaacha. "Mama, nikisoma hivi najisikia mimi tu. Simsikii huyu wa kitabuni."

Akarudi ndani ya kitabu, nami nikabaki na nazi yangu. Dada, nimewahi kuona wivu wa watu, hata shemeji yako nilimwonea wivu zamani na yule mwanamke mpishi wa hotelini kwake, lakini sijapata kuumwa namna ile. Mwanangu yuko hatua tatu kutoka nilipo, na yuko na watu nisiowajua, wanamchekesha, na aliyemwonyesha njia ya kwenda huko ni Dama.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilianza kama wanavyoanza wasengenyaji wote: sina nia ya kumsema mtu. Nikamwambia kwamba ukuta ni mmoja, na kama darasa la upande wa pili lingekuwa linafundishwa, ningesikia. Kwamba kila siku watoto wanakaa bure na mwalimu anasoma vitabu vyake. Nikamwambia naongea kama mzazi, maana mwanangu yumo mle. Hilo ndilo lililomwingia. Alinishukuru, dada. Alinishukuru kwa kujali.

Siku ya pili akaingia kwa Dama katikati ya ule ukimya, akaukomesha. Nilisikia sauti yake nzito kupitia ukutani, kisha nikasikia watoto wakianza kuitikia, wamepooza, kama waliotoka usingizini. Ningekuwa mtu mzuri, ningeumia. Mimi nilitabasamu, nikaendelea na somo.

Rukia alirudi macho mekundu. "Mwalimu Mkuu amesema darasa si chumba cha wagonjwa. Amesema kuna mtu amelalamika." Akanitazama. "Mama, ni nani aliyemshtaki mwalimu wetu?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu." Nikaomba anipitishie chumvi.

Lakini lililonikata ni Dama kuja nyumbani kwangu Jumamosi ile. Amebeba mihogo ya shambani kwao, amevaa leso mpya, amebisha hodi kwa adabu yote. Akakaa mkekani. Akasema, "Dada Maimuna, wewe mkubwa wetu pale, na Mwalimu Mkuu anakuheshimu. Nishauri. Wale watoto walikuwa wameanza kuelewa. Kuna aliyeniambia anaona picha kichwani. Nifanyeje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale. Ningesema, yangeishia hapo. Nikamtilia chai, nikamwambia, "Tii amri. Mwalimu Mkuu ndiye mkubwa." Aliinywa chai yote, akashukuru, akaenda zake. Mihogo tuliila siku mbili, na ilikuwa laini, na mimi nilitafuta kasoro ndani yake nisiione.

Ukaja mtihani wa mwisho wa muhula. Karatasi ni moja kwa mikondo yote miwili, na ndani yake kuna kifungu cha ufahamu. Hadithi ya fundi wa cherehani aliyemshonea jirani yake kanzu ya Idi. Ilisema alipima akiwa na haraka, na kwamba jirani alipoivaa kanzu ilimfika magotini, watoto wakamfuata barabarani. Idi hiyo fundi akaenda kuswali msikiti wa mbali. Swali: kwa nini fundi hakuswali msikiti wa mtaani kwao?

Nilisahihisha nikiwa peke yangu darasani. Wanafunzi wangu, zaidi ya nusu, waliandika: "Kwa sababu aliswali msikiti wa mbali." Hati nzuri, herufi zimenyooka. Wengine waliinakili aya nzima. Nikaenda nikachukua na karatasi za Dama, najidai nalinganisha. Mmoja aliandika, "Alimwonea haya jirani." Mwingine, "Kwa sababu kanzu ilikuwa fupi na kosa ni lake." Hati mbaya, maneno mengine yameandikwa kama yanavyosemwa Ganze, lakini wamejua. Na hao walikuwa wamekatazwa kusoma kimya majuma mengi kabla ya mtihani.

Sikukubali. Nikamwita Mishi, nikampa kile kifungu asome. Akasimama, akasoma, wallahi dada, ungelia. Kila nukta ameiheshimu. Nikamwambia, "Vizuri sana. Sasa niambie, imekuwaje?"

Akanitazama. Nikaona anataka kunifurahisha na hajui afanyeje. Kisha akainua karatasi akaanza kusoma tena tangu mwanzo, kwa sauti nzuri zaidi kuliko mara ya kwanza.

Nikamwacha asome mpaka mwisho. Nilikuwa nikimtazama yeye, na nilikuwa nikijitazama mimi pale barazani kwa baba. Maana jambo moja sijawahi kukwambia: katika magazeti yote yale niliyowasomea wageni, sikuwa nikijua nasoma nini. Nilikuwa nikisikia mashaallah tu.

Kwenye kikao cha walimu, Mwalimu Mkuu akamuuliza Dama amefanya nini hata ufahamu wa watoto wake ukawa mzuri vile. Dama akajibu, "Ni yale uliyonikataza."

Mwalimu Mkuu akakohoa, akasema, "Mimi nilielezwa kwamba watoto wanakaa bure," na macho yake yakapita kwangu, yakaondoka. Dama hakugeuka. Nilimwombea Mungu ageuke, anitukane, yaishe.

Nilimfuata nje, penye bomba la maji. Nilimwambia, "Mwalimu Dama, ni mimi niliyekwenda ofisini."

Alikuwa akiosha chaki mikononi. Aliendelea kuosha. Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mwalimu Mkuu alipoingia alisema, ukuta ni mmoja, tungesikia. Yeye ofisi yake iko kule mbali, hana ukuta na mimi."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona alikuja kwangu na mihogo kuniomba ushauri?

Akafunga bomba. "Nilitaka nikupe nafasi uniambie."

Hakupaza sauti, hakulia. Angepaza sauti, ningejua la kumjibu. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia, na hata baada ya kengele.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikayafuta maneno yangu, kwa maandishi, nikatia sahihi. Aliniambia amevunjika moyo, akaniambia pia saa ile ya kimya irudi, na sasa mikondo yote miwili ifanye. Kwa hiyo mimi niliyeushtaki ukimya ndiye ninayeusimamia upande wangu wa ukuta. Si kazi rahisi, usidhani. Juma la kwanza la muhula huu walichekana, wakapigana viwiko, wengine wakasoma kwa kunong'ona mpaka darasa likawa kama mzinga. Nami nilikaa kitini na kitabu kama Dama, nikadhani nafanya sawasawa, mpaka Mishi akainua mkono: "Mwalimu, midomo yako yatikisika." Kweli ilikuwa ikitikisika. Miaka yote hii sijui kusoma bila ya kujisikiliza. Najifunza pamoja nao. Juzi Mishi alifunga kitabu akaniambia, kwa maneno yake mwenyewe, yaliyokatika na yasiyo na uzuri wowote, kwa nini mzee wa hadithini alimficha mwanawe habari. Alikosea nusu. Nilimshika bega, nikampa kitabu kingine.

Naye Dama si malaika, nisikufanye uamini hivyo. Kwake wamepatikana watoto saba waliokuwa wakifungua kurasa wenzao wakifungua, na hawajui kusoma. Ukimya uliwaficha kama kuitikia kulivyomficha yeye. Alikiri mwenyewe kikaoni, akauliza nani atawachukua mchana awafundishe sauti na silabi. Nikasema nitawachukua. Wanakuja saa saba na nusu, na mbele yao nasoma kwa sauti yangu yote, na wananitazama kama ulivyokuwa ukitazamwa wewe na wanao walipokuwa wadogo. Hapo nafurahi. Lakini mmoja wao ameshajua, Alhamisi alichukua kitabu akaenda kukaa kivulini peke yake, hakunitazama tena. Wivu ukanipitia kama kichomi. Sikudanganyi kwamba umeisha.

Dama ananisalimia kila asubuhi. Zamani alikuwa akiniita dada Maimuna. Sasa ananiita Mwalimu.

Lililobaki lilikuwa Rukia. Nilitaka kukuandikia kwanza nikuulize, nimwambie au ninyamaze, kisha nikaogopa kwamba utaniambia ninyamaze. Nikamwambia Ijumaa, tunakula. Nikasema, "Ile siku uliponiuliza nani alimshtaki mwalimu wako, nilikudanganya. Ni mimi."

Akaweka tonge sahanini. Hakulia. Aliniuliza, "Kwa nini, mama?"

Ningeweza kusema nilikuwa na wasiwasi na masomo yake. Ningeweza kusema mengi. Nikamwambia, "Nilimwonea wivu. Uliacha kunisomea, nikadhani amekuchukua."

Akafikiri. Akauliza kama Mwalimu Dama anajua. Nikasema anajua. Akamaliza chakula chake, akaosha sahani yake na yangu, akachukua kitabu akaenda dirishani. Nilikaa karibu naye na changu. Sikumwomba asome, na yeye hakusoma. Sijui kama alikuwa akisoma au akiniwaza mimi. Kwa nje huwezi kujua. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Basi dada, nisalimie wote huko. Mama umbusu mikono, na umwambie nitakuja skuli zikifungwa. Mumeo, fundi wetu wa mashua, umwambie shemeji yake wa hoteli amempata mtu wa kumuuzia ile mashine ya kuranda. Shangazi mpishi wa maharusi, nawaonea wivu mnaokula birinzi lake. Mjomba mwadhini umpe pole ya koo. Na mwalimu wetu wa chuoni, aliyetushikisha alifu kwa kijiti, mpe salamu za pekee, usimwambie sababu. Nami nisamehe kwa yale ya barazani. Nilikuwa mdogo, lakini sikuwa mdogo hivyo.

Ni mimi nduguyo,
Maimuna